Lenzi pana ya fokasi ya mkono: jinsi ya kuifaidi Samyang 12mm f/2

Wadau, kama una kamera ya mirolesi (isiyo na kioo cha kuakisi ndani) yenye sensa, kile kipande kinachopokea picha, ya saizi ya APS-C (ndogo kuliko ful-fremu, ambayo ni saizi ya filamu ya 35mm), Sony a6000 na ndugu zake, Fujifilm za X, au zile Canon za M, na unatafuta lenzi pana ambayo haitakukausha mfuko, basi Samyang 12mm f/2 ndo ninayoipendekeza kila mara na nitaendelea kuipendekeza, ila wengi wakisikia haina otofokasi, yaani ukali wa picha unauweka mwenyewe kwa kuzungusha ringi, wanakimbia, wanasema fokasi ya mkono ni mambo ya wazee wa filamu, na wengine wanainunua wanahangaika nayo siku mbili tatu kisha unaiona iko sokoni. Sasa kuna kitu kimoja ambacho ukikishika hutahangaika tena, kwenye lenzi pana kiasi hiki fokasi unaiweka mara moja na kuiacha, akili yako yote inabaki kwa kitu kingine kabisa, umesimama wapi na kamera imekaa sawa au imeinama. Huko ndo picha za lenzi pana zinakoharibikia.

Kwanza tuijue yenyewe. Samyang ni kampuni ya Korea Kusini, ipo tangu 1972, na lenzi hiihii ukiikuta imeandikwa Rokinon (jina la Marekani) au Walimex Pro (jina la Ujerumani) usiogope, ni kitu kilekile. Ilitoka 2014 kwa bei ya kama dola 400, wakati Zeiss Touit 12mm iliyokuwa sokoni muda huo ilikuwa zaidi ya mara mbili ya hapo na inaishia f/2.8, yaani haifunguki kupitisha mwanga mwingi kama f/2. Ina uzito wa robo kilo hivi, inaona nyuzi kama 99 ukipima kutoka kona moja ya picha mpaka kona ya mkabala, yaani ukisimama kwenye kona ya chumba unapata karibu chumba kizima, na inakubali filta za kawaida za milimita 67. Kuwa makini na kitu kimoja ukiwa unanunua mkononi, tangu 2021 kuna Samyang nyingine ya 12mm f/2 yenye otofokasi, ni lenzi tofauti na bei tofauti, kwahiyo muulize muuzaji akutumie picha inayoonyesha ringi ya apacha, yaani tundu la kupitisha mwanga, ile yenye namba 2, 2.8, 4, 5.6 mpaka 22 (namba ndogo ni tundu kubwa). Yenye namba hizo ndo ya mkono.

Na kama ni used, usiangalie ganda tu. Washa tochi ya simu, mulika kutoka nyuma ya lenzi huku unachungulia kwa mbele, unatafuta nyuzinyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, na kwa sisi wa pwani kuvu ni ugonjwa wa kawaida sana. Ukiiona achana nayo hata kama bei ni tamu. Vumbi kidogo ndani halina shida, halionekani kwenye picha. Zungusha ringi ya fokasi mwanzo mpaka mwisho, inatakiwa iwe laini na nzito kidogo, isiwe na sehemu inayokwama wala kulegea. Halafu jaribio ambalo watu hawafanyi na ndo la maana kuliko yote: toka nje, tafuta kitu cha mbali sana chenye mistari, mnara wa simu au ghorofa, fokasi vizuri, weka f/2.8, piga picha nne za kitu hichohicho kikiwa kwenye kona ya juu kushoto, juu kulia, chini kushoto, chini kulia. Kuza kila kona. Kama kona tatu ziko safi na moja imefifia kabisa, vioo vya ndani havijakaa sawa na hakuna fundi mtaani atakayekurekebishia hilo, mrudishie mwenyewe lenzi yake. Kona zote zikiwa laini kidogo kwa usawa, hiyo ni kawaida ya lenzi pana.

Haya umeifunga kwenye kamera, unabonyeza, kamera inagoma. Hapo ndo watu wanapiga simu kwa muuzaji kumwambia lenzi mbovu. Sio mbovu, haina umeme wowote wa kuongea na kamera, kamera inadhani hakuna lenzi. Ingia kwenye menyu utafute sehemu ya kuruhusu kupiga bila lenzi, Sony ipo, Fujifilm ipo, Canon ipo, iwashe basi. Kama kamera yako ina kile kitulizo cha mtikisiko ndani ya mwili, mfano Sony a6500 au Fujifilm X-T4, iambie pia kwamba lenzi ni 12mm, maana haiwezi kujua yenyewe na ukiacha namba nyingine pale itatuliza kwa kipimo kisicho chake. Baada ya hapo weka modi ya A, apacha unazungusha mwenyewe kwenye lenzi, kamera inachagua shata, yaani muda wa kupokea mwanga, na mwanga unapimwa kama kawaida. Hamna cha ajabu tena.

Sasa fokasi yenyewe, na hapa naomba tukae kidogo.

Lenzi ikiwa pana sana, eneo linalotoka safi mbele na nyuma ya pale ulipofokasi linakuwa kubwa mno. Kwa 12mm kwenye sensa ya APS-C, ukiweka f/8 na ringi ukaisimamisha mita 1, kila kitu kuanzia kama nusu mita kutoka kwenye kamera mpaka mwisho wa upeo kinatoka safi kwa matumizi ya kawaida ya skrini na chapa ndogo. Fikiria hilo vizuri, mtu aliyeko hatua moja mbele yako na jahazi lililoko kule nje baharini vyote viko ndani. Otofokasi ingekusaidia nini hapo? Ila kama unajua picha utaichapa kubwa au una sensa yenye pikseli nyingi, mi nakushauri weka mita 2 badala ya 1, unapoteza sentimita chache tu kwa karibu (safi inaanza kwenye sentimita 60 na kitu) lakini vya mbali vinakuwa vikali zaidi. Mchana wa jua mimi ndo hapo ninapoishi, f/8 na mita 2, ringi siigusi tena.

Kumbuka umbali unahesabiwa kutoka kwenye sensa, sio kutoka kioo cha mbele. Juu ya kamera nyingi kuna alama ndogo ya duara lililokatwa na mstari, hapo ndo sensa ilipo. Kwa mita mbili haina tofauti kubwa, ila ukiwa unapiga kitu cha karibu kabisa, na hii lenzi inashuka mpaka sentimita 20, hizo sentimita chache za urefu wa lenzi zina maana.

Ila usiziamini namba zilizochorwa kwenye ringi mpaka umezihakiki. Lenzi nyingi za bei hii namba zake zimepishana kidogo, ile alama ya infiniti, nane iliyolala, unaweza kuiweka pale barabara na milima ikatoka blari. Dawa yake ni ya mchana mmoja. Fungua apacha mpaka f/2, weka kamera kwenye tripodi au juu ya ukuta, lenga kitu kilicho mbali mno, mlima, meli, mnara wa msikiti wa mtaa wa pili, kuza picha kwenye skrini mpaka mwisho wa kukuza, zungusha taratibu mpaka mistari iwe mikali, pitiliza kidogo uone inaanza kufifia, rudi. Hapo ndo infiniti yako halisi. Weka alama kwa kalamu nyeupe ya kufutia au kipande chembamba cha selotepu. Fanya hivyohivyo kwa mita 1 na mita 2, chukua futi kamba ya fundi, pima kutoka kwenye sensa mpaka kwenye boksi lenye maandishi, fokasi, weka alama. Alama tatu, umemaliza. Kuanzia siku hiyo ringi unaisoma kwa alama zako mwenyewe.

Kuna jambo linawachanganya sana watu na sijaona likielezwa vizuri. Kamera zina ule msaada wa kupaka rangi mistari iliyo kwenye fokasi, pikingi, nyekundu au njano. Mtu ameweka f/8, anaangalia skrini, picha nzima imejaa nyekundu, anafurahi anasema kila kitu kipo sawa, akifika nyumbani nyota zote au nyumba zote za mbali hazina ukali. Kwa nini? Kwa sababu lenzi hii ukizungusha apacha inafunga palepale kweli, kwahiyo kamera inaona picha ya f/8 ambayo karibu kila kitu kinaonekana kiko sawa, pikingi haiwezi kukutofautishia kilicho safi hasa na kilicho safi kwa kukaribia. Ndo maana unatakiwa ufungue mpaka f/2 kwanza, ufokasi kwa kukuza picha, halafu ndo ufunge mpaka f unayotaka. Fungua, fokasi, funga. Pikingi iache kwa ajili ya kuhakikisha haraka haraka tu, kwenye lenzi pana mimi siitegemei.

Ukiingia ndani usiku mambo yanabadilika, na ni vizuri ujue kiasi gani. Ukumbini kwenye harusi, taa hafifu, umefungua f/2, ukiweka ringi mita 2 kinachotoka safi ni kuanzia kama mita 1.3 mpaka mita 4.5 hivi. Ukifunga f/2.8 tu unapata kuanzia mita 1.1 mpaka karibu mita 9, tofauti kubwa sana kwa hatua moja ya apacha, kwahiyo kama ISO yako (wepesi wa sensa kwa mwanga) inavumilia chukua f/2.8 na usimame pembeni ya wanaocheza, wewe ndo unasogea, ringi inabaki mita 2. Ukizoea mwili wenyewe unajua mita mbili ni wapi. Upande wa pili usiende kupita f/11 ukidhani utapata ukali zaidi, kuanzia f/16 mwanga unatawanyika kwenye tundu dogo na picha nzima inalegea, na kwa 12mm huna haja hata kidogo.

Basi fokasi tumemalizana nayo. Kazi ya kila picha ni nyingine sasa.

Kusogea. Lenzi pana inafanya vya mbali viwe vidogo mno, mtu anapiga Kilimanjaro kwa 12mm mlima unakuwa kichuguu, anasema lenzi haina maana. Lenzi hii inataka uwe na kitu karibu, nusu mita, mita moja, halafu vya mbali viwe nyuma yake. Mlango wa zamani wa Mji Mkongwe wenye njumu za shaba, usisimame ng'ambo ya kichochoro uupige wote, sogea mpaka njumu zijae upande mmoja wa fremu, kichochoro kikimbilie upande wa pili. Vichochoro ndo hasa nyumbani kwa lenzi hii, Lamu, Mji wa Kale Mombasa, sehemu ambazo punda akipita inabidi ubane ukutani, huwezi kurudi nyuma hata ungetaka, na kwa 28mm hupati kitu. Na kwa vile utakuwa umemkaribia mtu kwa hatua moja, huwezi kumpiga picha kwa kuvizia, salimia kwanza, kaa naye, omba ruhusa. Picha zinakuwa bora kwa sababu hiyo pia.

Ila mtu usimweke pembeni kabisa ya fremu. Lenzi yoyote iliyo pana hivi inavuta vitu vya kwenye kingo, kichwa kinakuwa kirefu, shavu linapanuka, na hamna kampuni inayoweza kulitoa hilo, ni hesabu ya kutandaza nyuzi 99 kwenye kitu bapa. Picha ya familia nzima kwenye sebule, rudi nyuma kadri unavyoweza, acha nafasi kushoto na kulia, wale wa pembeni wasogee ndani. Wamama na shangazi hawatakusamehe ukiwanenepesha pembeni ya picha.

Kunyoosha. Hapa ndo pesa ilipo kwa wanaopiga picha za nyumba za kupangisha, gesti, lodge na hoteli. Kamera ikiinama kidogo tu kwenda juu au chini, kuta zinaanza kuanguka, kabati linalala, chumba kinaonekana kama kinaporomoka. Washa ile levo ya kielektroniki kwenye skrini, hakikisha mistari yote miwili iko kijani, wa kulala ubavuni na wa kuinama mbele. Urefu wa kamera uwe kifuani au chini ya hapo, kama mita 1.2, ukiweka juu sana unapata dari tupu na vitanda vinakuwa bapa. Ukiona dari limezidi usiinamishe kamera, shusha tripodi. Simama kwenye kona au mlangoni, f/8, ISO 100, shata iwe sekunde nzima kama inabidi, weka taimu ya sekunde 2 ili kidole kisitikise. Na usikisogelee sana kitanda kiasi kwamba mto wa mbele unakuwa mkubwa kuliko dirisha, mteja akija akakuta chumba ni nusu ya alichokiona kwenye picha, hiyo lawama inarudi kwako na kwa mwenye nyumba.

Nyota nazo, maana f/2 kwenye lenzi pana ya bei hii ndo iliyowafanya watu wengi wa picha za usiku waipende. Sisi wa huku tuna bahati ambayo watu wa Ulaya hawana, kitovu cha Njia ya Maziwa kinapita karibu na utosi wetu, na miezi ya Juni mpaka Agosti kinakuwa juu usiku mapema wala huhitaji kukesha, halafu ni kipupwe, mvua za masika zimeisha. Chagua siku zile mwezi unakaribia kuandama au umeandama jana, na ondoka mjini, bara kama Dodoma au Singida ukitoka nje ya taa anga linakuwa jeusi hasa. Weka f/2, au f/2.8 kama unataka nyota za kwenye kona ziwe duara zaidi, ISO 3200, shata sekunde 15. Kuna kanuni ya zamani ya kugawa 500 kwa milimita za lenzi zikigeuzwa kuwa za ful-fremu, hapa kama 18 (12 mara 1.5), inakupa karibu sekunde 28 kabla nyota hazijaanza kuburuta, ila kwa sensa za sasa za pikseli milioni 24 na zaidi utaona nyota zimeanza kuwa vijistari, mi siendi kupita 20. Kufokasi tafuta nyota kali, Alfa Kentauri miezi hiyo iko vizuri upande wa kusini, kuza mpaka mwisho, zungusha mpaka iwe kidoa kidogo kabisa, kisha gandisha ringi kwa selotepu. Ile alama ya infiniti uliyoiweka mchana inakufikisha karibu, nyota inakumalizia.

Filta ya kupunguza mng'ao, polaraiza, usiifunge kwenye lenzi hii ukiwa na anga kubwa kwenye fremu. Anga linakuwa na bendi ya bluu nzito katikati na pembeni nyeupe, kwa sababu unapiga sehemu kubwa mno ya anga kwa wakati mmoja. Jua lenyewe likiingia kwenye fremu ni zuri, funga f/11 upate miale sita, apacha ina mapanga sita.

Wenye DSLR (kamera zenye kioo cha kuakisi ndani) za ful-fremu, yenu ni ndugu yake mkubwa, Samyang 14mm f/2.8. Kanuni ni zilezile, f/8 na mita 1 mpaka 2. Tofauti zake: kioo cha mbele kimevimba kama yai kwahiyo hakuna filta ya kuzungushia wala usalama wowote zaidi ya kofia yake, na mistari iliyonyooka inajipinda kama wimbi, katikati inavimba pembeni inarudi, haifai kwa nyumba mpaka uinyooshe kwenye kompyuta. Toleo la Canon lisilo na chipu kamera itaandika F00, ni sawa, piga tu. Toleo la Nikon lenye chipu ringi ya apacha lazima ikae f/22, la sivyo kamera inaandika fEE na kugoma, apacha unabadilisha kwenye kamera yenyewe.

Kwenye kuediti, faili la 12mm halina kumbukumbu ya lenzi wala f, programu haitajua ni lenzi gani, kwahiyo profaili, yaani marekebisho ya lenzi hiyo, unaichagua kwa mkono kwenye Lightroom, ukishafanya kwa picha moja unaibandika kwa zote. Kama unataka kukumbuka f uliyotumia andika kwenye simu, au fanya kama mimi, f/8 mchana na f/2.8 usiku, hakuna cha kukumbuka.

Mwisho utunzaji, hasa kwa wa Dar, Tanga, Mombasa na visiwani. Usiihifadhi kwenye begi la nguo wala kabati la mbao, chukua boksi la plastiki linalofunga vizuri, lile la chakula, weka vipakiti vya silika jeli vile vya kwenye viatu vipya, vibadilishe vikichoka. Ukitoka chumba cha AC kwenda kwenye joto lenzi inapata jasho, iache ndani ya begi lililofungwa nusu saa hivi kabla ya kuitoa, usifute ukungu ule kwa shati. Ukitoka ufukweni chumvi inabaki kwenye kioo na kwenye ringi, puliza mchanga kwanza kwa pampu ya mpira, halafu kitambaa laini kilicholowa maji safi kidogo kwenye ringi, na kioo kwa dawa yake ya lenzi. Mchanga ukiingia kwenye ringi ya fokasi utausikia unakwaruza, hapo acha kuizungusha palepale na mpelekee fundi, kila mzunguko unaoongeza unausogeza ndani.